Kodi ya Nyumba Yako Isiyo na Mtu

Kaka yangu Masanja,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu Mama alitulea hivyo, lakini ujue nakuamkia nikiwa nimenuna. Sijui uko wapi, ndiyo maana barua hii sitaifunga. Nitampa mchuuzi wa ng'ombe anayekwenda Geita, aisome kwa sauti kila atakapokuta watu wa kwetu wanachimba dhahabu. Wakisikia aibu yetu, na wasikie. Mimi nimechoka kuificha.

Nataka tuzungumze habari ya nyumba yako.

Unakumbuka tulivyoijenga? Ulikuwa umerudi kutoka machimboni na viatu vya ngozi, unavivua kila ukifika kwenye tope. Kijiji kizima kilikuwa na nyumba za msonge, wewe ukasema yako itakuwa ya pembe nne, tena ya bati. Tulikanyaga udongo pamoja mpaka nyayo zikachubuka. Ulipopanda juu kugongelea mabati, mimi nilikuwa chini nakupa misumari na kukuambia umepinda, na wewe unaniambia nifunge mdomo. Mvua ya kwanza ilipolipiga lile bati tulikuwa wote ndani. Ulikuwa unaeleza jambo kwa mikono miwili na hakuna aliyekusikia hata neno. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Baadaye alirudi kwenye nyumba yake ya nyasi, akasema kule angalau mtu akikohoa anasikika.

Nilikupenda sana siku zile, kaka. Niliona na sisi tumekuwa watu.

Kisha ukaondoka tena. Ulisema unakwenda kutafuta mahari, na kwamba pamba ikivunwa utakuwa umesharudi. Pamba imevunwa, ikapandwa, ikavunwa tena, na mimi nimeacha kuitumia kukuhesabia. Nyumba yako imefungwa. Ndani mna kitanda kisicholaliwa, na popo.

Basi wakaja wa kodi. Karani wa baraza la mtemi alifuatana na mwanangwa, mkuu wetu wa kijiji, wakasimama ndani ya ua wetu wa minyaa wakahesabu nyumba: yangu, ya Mama, yako. Ya Mama waliisamehe kwa kuwa ni mjane mzee. Yangu nalipa, sina neno. Ya kwako nikawaambia haina mtu. Karani akaniuliza kama ina paa. Nikamjibu kwamba analiona. Akasema basi ni nyumba, na kama mwenyewe hayupo atalipa aliyepo.

Nililipa. Mwaka uliofuata nikalipa tena, nikauza ndama niliyemwahidi mwanangu. Nikaenda barazani kulalamika. Karani akasema yeye anaandika tu kile anachohesabu mwanangwa. Mwanangwa akasema yeye anahesabu tu, anayeandika ni karani. Mzee mmoja wa baraza alinisikiliza vizuri sana, akakubali kabisa kwamba naonewa, akanionyesha mahali pa kupanga foleni ya kulipia. Wanasema fedha hizo zinajenga zahanati na josho. Sikatai, josho nimeliona, na ng'ombe wangu wanaogeshwa humo. Lakini nani ameugua ndani ya nyumba yako, kaka? Ng'ombe gani ametoka humo?

Nikaja kukutafuta. Nilizunguka machimbo ya Geita shimo kwa shimo, nikitaja jina lako na la baba. Kila mahali walikujua, na kila mahali ulikuwa umeshahama. Mmoja akacheka, akasema unaendelea vizuri, unafuata mwamba wenye dhahabu popote unapoelekea. Nilirudi na miguu iliyovimba, na matusi mengi yasiyo na wa kutukanwa.

Karani naye akachoka kuniona. Akanivuta pembeni akaniambia kuna njia rahisi: niezue paa, naye ataifuta nyumba hiyo kwenye hesabu, kwa sababu nyumba bila paa ni ukuta tu. Tena mabati nitauza.

Nikaegemeza ngazi kwenye ukuta wako. Mama akatoka na ufagio mkononi. Hakupiga kelele.

"Inayoezuliwa ni nyumba ya mtu aliyekufa," alisema. "Una habari ya mwenzio umenificha?"

Nikasema sina.

"Basi shuka."

Nikashuka. Nilimwambia wazi kwamba anakupenda wewe usiyekuwepo kuliko mimi ninayemchanjia kuni. Sijaliondoa neno hilo mpaka leo.

Nilipokwenda tena barazani Mama alitaka tufuatane. Karani alimwamkia, Mama akaitikia marahaba, kisha akamwuliza mjane anasamehewa nyumba ipi.

"Ile anayolala, mama."

"Hata ikiwa ya bati?"

Karani akafikiri kidogo. "Hata ikiwa ya bati. Lakini moja tu."

Tuliporudi alihamisha ngozi yake ya kulalia, vyungu vyake na jiwe lake la kusagia, akaingia nyumbani kwako. Akafagia kinyesi cha popo. Kisha akaniambia niipeleke ngazi kwenye nyumba yake.

Unaelewa, kaka? Kodi yako imesamehewa. Karani alipita, akakuta mjane analala chini ya bati, akaridhika, na akanisifu kwa kufuata taratibu. Nilitamani kumtupia jiwe. Nyumba alimotuzalia Mama, nyumba alimotolewa baba kwenda kuzikwa, sasa ni ukuta na mvua inaumega. Kwako mchana joto humtoa jasho, hukaa nje kivulini kama mgeni anayesubiri kukaribishwa. Ukija na mke, huyu mama atalala wapi? Namjua, atasema jikoni panamtosha. Mimi sitakubali.

Nilikuwa nakungoja kwa hamu. Siku hizi nakungoja kwa hasira, lakini bado nakungoja. Usitume fedha, wala usitume mtu na salamu. Njoo mwenyewe usimame hapa uani, umtazame Mama usoni.

Nakuaga, kaka, mchuuzi anaswaga ng'ombe wake na hana muda wa kunisubiri. Ila siku ile ya kuezua nataka uijue. Nilipanda juu ya nyumba ya Mama, nikafungua kamba, nikaanza kuteremsha nyasi fungu kwa fungu. Nilipofika katikati nikashindwa. Nilimwambia siwezi, kwamba ni yeye aliyesema inayoezuliwa ni nyumba ya aliyekufa, na yeye yu hai. Akaniambia niendelee, nisitazame chini. Kaka, ni yeye aliyekuwa amenishikia ngazi.

Mdogo wako