Hukurogwa, Mama Mdogo

Mama mdogo Somoe,

Leo nusura nimpasue kaka yako kichwa kwa mchi wa kutwangia. Bora uyasikie kwangu mwenyewe.

Unakumbuka uani kwetu Mtawanya, wewe na mama, wake wa mume mmoja, mkibangua korosho mmejipaka majivu mikononi? Watu walingoja mng'oane nywele, nyie mkawa mnacheka tu. Ulipoota uvimbe kwenye titi, ulisema mafuta ya maganda yamekurukia yakakuunguza. Tukaamini, maana mbanguaji gani hana kidonda? Ukaupaka majivu mpaka ukapasuka na kutoa usaha.

Ndipo wakaja ndugu zako na mipini ya majembe. Walisema mke mkubwa amekuroga. Walimburuta mama kwa nywele kutoka jikoni, wakamvunja mkono, nikausikia mfupa ukikatika. Wewe, uliyekuwa huwezi hata kukaa kitandani, ulitambaa hadi uani ukamlalia juu.

“Mwenzangu mnampigia nini? Nipigeni mie!”

Mpini ulikupata begani. Walipoona damu ni yako ndipo wakaacha. Ulipofariki walimzuia mama asikuoshe, na hilo lilimuuma kuliko mkono.

Hukurogwa, mama mdogo. Sasa nafundisha baiolojia, na kila nikifika kwenye somo la seli hasira inanipanda upya. Seli imezungukwa na utando, na kwenye utando huo zimepenya protini. Upande wa nje zinapokea taarifa. Upande wa ndani zinaamsha vimeng'enya vinavyoiamrisha seli igawanyike. Taarifa ikiisha, vinatulia. Lakini protini hizo zikizidi mno zinabanana, zinaamshana zenyewe, na amri haikomi tena. Seli zinazaana kwa fujo, zinavamia za jirani, zinaula mwili uliozizaa. Uvimbe wako haukupimwa, kwa hiyo sitakudanganya kwamba ndivyo ulivyokuwa. Wa Zuhura umepimwa, na ndivyo ulivyo.

Ndiyo, Zuhura, binti yako. Alipogusa uvimbe alimwambia mama kwanza, si mimi msomi. Mama hakutaka kusikia habari za mafuta wala majivu. Alimkokota hospitali siku hiyohiyo. Daktari anasema ipo dawa ya kuzishika protini hizo zisiamshe kitu, na kwamba tumewahi. Hakuahidi zaidi ya hapo.

Habari ikawafikia ndugu zako. Asubuhi hii walikuwa mlangoni na mipini yao, wazee wazima wasio na haya.

“Kamla mama, sasa anamla mtoto!”

Nikashika mchi. Nilimwambia mjomba mkubwa kwamba akivuka kizingiti namwaga ubongo wake, na sikuwa natania. Alirudi nyuma akitukana, akaapa kwamba Zuhura akifa watarudi kummaliza mama. Sijuti, ila nilitamani sana uwepo, maana wewe uliwazuia bila kushika kitu.

Walipoondoka nikageuka. Mama alikuwa anafunga kanga za Zuhura kwenye begi, waende wote Dar es Salaam kwenye matibabu. Nikamsihi amwache mtu mwingine amsindikize, yeye akajifiche kwa ndugu zake.

“Huyu akifa wataniua,” alisema, akivuta zipu. “Basi hafi.”

Pumzika, mama mdogo. Huku tunapigana.

Mwanao wa kwa mke mkubwa