Bibi Alimwambia Umetangulia Majorka

Baba Salma,

Nakuandikia nikiwa jikoni kwetu Maskati. Mlango nimeufunga, maana mama yako yuko sebuleni na binti yako na siwezi tena kuwasikiliza. Tumerudi kutoka Majorka, kile kisiwa cha Uhispania. Ndiyo, tulikwenda. Ile safari uliyoipanga wewe, ukatuachia na tiketi zake, tumeimaliza bila wewe, na laiti tusingekwenda.

Siku ile ulipoanguka kazini kwako Wattaya, katikati ya magari mapya ya kuuza, nyumba yetu ilijaa watu. Mimi niliingizwa chumbani kukaa eda. Salma akawa anazunguka miguuni mwa wageni akiuliza uko wapi. Mama yako akamshika, akamwambia, "Baba'ako kenda Majorka. Katangulia kutuwekea pahala." Unaijua desturi yetu: mtoto haambiwi kifo, huambiwa kasafiri. Lakini marehemu wengine husafiri tu, hawatajiwi mji. Wewe ulitajiwa, na mtoto akaushika.

Eda yote nikajiambia, nikitoka nitamwambia. Nikatoka, nikamkuta amekufungia ndara zako kwenye begi lake dogo kwa kuwa ulisahau kuzichukua. Nikalifunga lile begi, nikamrudishia. Kaka yangu Nassor akasema twendeni, huko mtoto atachangamka na atasahau. Mtu mzima na akili zake! Tukaenda naye, mama yako akabaki nyumbani.

Mji wenyewe, Alcudia, ni kama ulivyotusomea kwenye simu. Maji ni ya magotini, unakwenda mbali na bado umesimama. Ulikuwa ukisema, "Hata mimi nisojua kuogelea, huko ntaonekana bingwa." Kila nilipogeuka niliona akina baba. Wanachimba mchanga na watoto wao, wanawapaka mafuta ya jua, wanasukuma vigari. Sijawahi kuwachukia watu wasionikosea kitu kama nilivyowachukia wale.

Hotelini Salma alikwenda mwenyewe mapokezi, akalitaja jina lako kwa Kiingereza chake cha shule. Binti wa pale akatazama kompyuta, akalikuta, maana chumba ulikichukua wewe. Akamwambia kwa upole kuwa bado hujafika. Bado hujafika, Baba Salma! Tangu hapo mtoto hakutaka pwani wala aiskrimu. Alikaa kwenye ngazi za mlangoni akitazama kila teksi.

Tulipomlazimisha kushuka ufukweni, akamwona mwanamume mwenye upara kama wako, ametupa mgongo. Akakimbia, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Yule bwana akageuka, Mzungu mwenye uso mwekundu, akachuchumaa akimtabasamia. Salma akaanza kupiga mayowe. Ufukwe mzima ukatutazama.

Nikambeba mpaka majini, nikamwambia. Nilisema neno lenyewe, amekufa, sikulizungusha. Nilingoja anipige. Akaniuliza, "Bibi anajua?" Nikamfuta maji usoni. Akasema, "Usimwambie, Mama. Atalia. Mwache ajue kasafiri."

Basi ndivyo tunavyoishi sasa. Mama yako humuuliza kwa sauti ya kuchangamka, "Baba'ako hajambo huko?" Na Salma humjibu, "Hajambo, Bibi. Kasema atachelewa kidogo." Halafu mama yako huingia chooni na kufungua mfereji ili tusimsikie, na Salma huja kuficha uso kwenye kanga yangu. Kila mmoja anamlinda mwenzake, na mimi niko katikati, nakufa. Nilimwahidi mtoto kwamba nitanyamaza. Na mama yako, nadhani, akiuliza hivyo naye hupata dakika moja ya wewe kuwa hai. Nitamnyang'anyaje? Wewe ungejua la kusema, wewe uliyekuwa ukiwapatanisha wateja wawili wanaogombea gari moja. Nimechoka, mume wangu. Nataka nikupigie kelele kwa kuniachia haya.

Lala. Mola akupe nafasi na nuru ulipo. Nakuahidi, nikiinuka hapa nitafungua huu mlango, nitakaa baina yao kwenye zulia, nimshike mkono huyu na yule, niseme ulikufa, mbele ya wote wawili. Walie. Tulie pamoja. Najua wakishaacha kukungoja, hapo ndipo utakuwa umekufa kweli. Nisamehe kwa hili ninalokwenda kukufanyia.

Mkeo