Makochi Yamevuka Mpaka

Alhamisi. Mvua ya jana imeacha tope, leo jua limetoka na hasira. Mimi pia.

Wiki tatu zilizopita Nafula, mwenzetu katika chama chetu cha kukopeshana, alivuka kwenda Uganda akazima simu. Aliacha deni la chama la elfu ishirini na nne. Wadhamini tulikuwa wawili, mimi na Auma. Gawa mara mbili: elfu kumi na mbili kila mtu. Auma alilipa. Mimi nilikuwa na elfu tano tu.

Kwetu mdhamini asipolipa, chama hakiendi mahakamani. Wanachama wanakuja kwako, wamefunga leso za sare, wanabeba vitu majirani wakitazama. Nakiri: mwaka jana nilienda kwa mwenzetu mmoja nikabeba meza. Roho iliniuma, lakini nilibeba.

Jana Mama Sharon, mwenyekiti wetu, alinipigia. "Dada, kesho saa nane tunakuja. Tunachukua friza."

Friza!

Friza ndiyo inalisha watoto wangu watatu. Samaki wa kule ziwani, bandari ya Sio Port, wakilala humo, napata faida ya mia sita kwa siku. Siku ishirini, elfu kumi na mbili. Ukiibeba, umebeba na njia ya kulipa. Lakini makochi yananiingizia nini? Vumbi. Niliyanunua elfu ishirini na nane nikajiona sasa nimekuwa mtu.

Basi sikungoja saa nane. Saa tatu asubuhi nilikodi mkokoteni, nikapakia makochi niyapeleke kwa Mama Sharon mwenyewe. Tukapita katikati ya soko, mimi kando, kichwa juu.

Mama mmoja wa mboga akapaza sauti, "Umefukuzwa kwa ndoa?"

"Ndoa ilitoka yenyewe, mama. Haya ni makochi."

Kufika kwa wauza nyanya, mzee mmoja Mganda akatusimamisha. "Nyabo, mama, unauza?"

Sikuwa nauza. Nikasikia mdomo wangu ukisema elfu kumi. Tukaelewana elfu nane. Akahesabu laki mbili za Uganda, eti ndiyo hiyo elfu nane.

"Mzee, hapo umepiga kwa ishirini na tano. Leo shilingi moja ya Kenya ni ishirini na nane zenu. Ongeza elfu ishirini na nne."

Akacheka. "Huyu mama ameficha kalkuleta wapi?" Akaongeza.

Nikabadilisha pesa, nikamlipa mwenye mkokoteni mia mbili, nikaingia kwa Mama Sharon na mkoba tu. Wanachama walikuwa wameshakusanyika, naye akaniuliza:

"Tumesikia unaleta makochi. Yako wapi?"

"Yameenda Uganda. Yamemfuata Nafula."

Hakuna aliyecheka. Nikaweka elfu kumi na mbili mezani, nikadai risiti yenye muhuri, nikakaa hapo hadi ikaandikwa.

Sikuwa hata nimeikunja, Mama Sharon akanisukumia fomu nyingine na kalamu. "Wewe unaaminika, dada. Tia sahihi umdhamini Mama Brenda, anataka elfu thelathini."

Mama Brenda mwenyewe alikuwa amekaa pale, ananitazama.

Kusema ukweli, nilishika ile kalamu. Kwetu kumkatalia mtu sahihi mbele ya wenzake ni kama kumtemea mate, na mimi nimetia sahihi miaka yote kwa kuogopa macho tu. Si kwamba niliwaamini wote. Niliona haya.

Nikairudisha kalamu.

"Mama Brenda, nakupenda. Ukikwama njoo nikukopeshe samaki wa mia tano. Hiyo ikipotea, watoto wangu bado watakula. Sahihi sitoi."

Najua wataniita mkavu, wataniita mama wa hesabu. Waniite.

Naandika haya nimekaa sakafuni, mgongo kwenye friza, inanguruma. Mkobani nina mia nane. Kesho saa kumi na mbili asubuhi samaki wanafika.

Mia nane haijazi friza. Lakini inaanza.