Chumvi ya Wifi

Alhamisi, 3 Miyazia

Potasiamu sita nukta nne. Imepanda tena! Sista Hirut wa kituo cha figo kanigombeza mbele ya wagonjwa wote, damu ya mume wangu Demissie ikizunguka kwenye mashine ya kuisafisha. Eti, "Mama, unampikia nini huyu mtu?" Nampikia nini! Viazi nachemsha mara mbili, maji yote namwaga. Dengu marufuku. Nyanya marufuku. Ndizi hata jirani simruhusu aingie nazo. Hata chumvi nilishabadilisha. Na ni Kwaresima, nyama hagusi, yai hagusi, maziwa hagusi. Nimpikie mawe?

Mgonjwa mwenyewe anacheka. Eti moyo wake ni injini ya lori, umezoea mafuta machafu.

Nimempigia Mahlet chuoni. Binti yangu huyo, ukimuuliza saa anakueleza saa inavyotengenezwa. Kasema seli za moyo zina malango. Ioni za potasiamu hukaa zaidi ndani, za sodiamu nje, na kupishana kwao malangoni ndiko kunakoupigisha moyo. Figo zikishindwa kuitoa potasiamu, inajaa nje, moyo unapoteza mpigo. "Halafu?" nikamuuliza. Akaniuliza kama baba amelala. Nikaelewa.

Ijumaa, 4 Miyazia

Nimempekua Demissie. Koti, suruali, chini ya mto. Nilikuwa na hakika anakula ndizi kwa siri. Akanikuta mkono umo mfukoni. "Umekuwa trafiki sasa, Weyni? Nikuonyeshe leseni?" Nikamwambia anajiua na kunifanya mimi nionekane mjinga. Akaapa kwa Mtakatifu Gabrieli hajala kitu nje ya sahani yangu. Nikamwambia asimsingizie malaika.

Hatusemeshani.

Jumapili, 6 Miyazia

Nimemleta Abba Wolde, padri wake wa kitubio. Mzee wa watu kasema vizuri kabisa — mgonjwa hafungwi na mfungo, yai kwake ni dawa. Demissie akainamisha kichwa, akabusu msalaba. Abba alipotoka tu: "Yai ndani ya Kwaresima? Mama yangu atafufuka kabla ya Bwana, aje anichape." Pumbavu! Mzee wa miaka sitini na sita!

Nikampikia kabichi. Nikaikoleza vizuri angalau apate ladha.

Jumatatu, 7 Miyazia



Asubuhi Demissie alisema miguu si yake. Mimi na jirani tukamwingiza kwenye gari kama gunia. Kituoni wakampima moyo, mistari kwenye karatasi imechongoka kama mahema. Saba nukta moja. Sista Hirut hakugombeza leo, alikimbia. Wakamchoma kalsiamu, kisha insulini na sukari, kisha mashine. Mahlet alikuja na basi moja kwa moja. Anaeleza huku analia: kalsiamu haiondoi potasiamu, inaukinga moyo tu. Insulini inaisukuma irudi ndani ya seli. Mashine ndiyo inayoitoa. Nikamwambia anyamaze amshike baba yake mkono.

Kapona. Wamembakiza usiku huu.

Tukarudi nyumbani mimi na Mahlet. Akala kabichi iliyobaki. Akatema. "Mama, umeweka nini humu? Inachoma kama kulamba betri." Chumvi tu, nikasema. Ile ya wifi yangu Yeshi, aliyotuletea kutoka Marekani, isiyopandisha presha. Mahlet akaigusa kwa ulimi. Akageuza kopo, akasoma maandishi.

Kumbe humo wametoa sodiamu. Wakaweka potasiamu mahali pake!

Nachemsha viazi mara mbili, namwaga maji — halafu naisimamia sufuria na kumnyunyizia potasiamu ile ile kwa vidole vyangu. Mimi! Na koti lake nimelipekua.

Jumanne, 8 Miyazia

Nimeimwaga yote chooni. Nimemwambia Demissie alivyofika tu, hata viatu hajavua. Alicheka mpaka akakohoa. "Miaka yote nimeshusha lori mlima wa Tarmaber bila breki, nije niuawe na kabichi!" Kisha: "Yeshi asijue. Itamvunja moyo."

Jioni Yeshi akapiga. Eti kaka anaipenda chumvi? Kuna mtu anakuja Pasaka, atampa makopo mawili mengine! Nikafungua mdomo. Demissie akaninyang'anya simu. "Tamu sana, dada yangu. Mungu akubariki."

Tamu! Mimi nilaumiwe mbele ya kituo kizima, yeye abarikiwe!

Alhamisi, 10 Miyazia

Tano nukta mbili. Sista Hirut kanipiga begani: "Unaona, Mama, ukisikiliza mafunzo?" Lawama nimeimeza. Ilishuka kama mfupa.

Jumamosi, 12 Miyazia

Sikutaka kuliandika hili. Tangu Jumanne Demissie anakula injera kavu, mkate bila mboga. Nilidhani ni mfungo, kesho ni Hosana, Jumapili ya matawi, watu wanajibana. Lakini jana Mahlet alipika vitunguu na kabichi, baba yake akala mpaka akafuta sahani. Leo nimepika mimi, vitunguu vile vile, kabichi ile ile, chumvi sikutia hata punje. Kajivutia injera kavu.

"Hupendi?"

"Nimeshiba tu, Weyni."

Miaka thelathini na nane huyu mtu namlisha tonge la kwanza kwa mkono wangu. Hata siku tukigombana. Basi nikalifinyanga, dogo, nikalipeleka mdomoni kwake. Akauangalia mkono wangu. Hakukasirika — afadhali angekasirika! Akasema polepole, kama mtu anayemuomba radhi mgeni, "Liweke hapo kwanza."

Nikaliweka ukingoni mwa sahani. Kageukia ukutani. Halali, nazijua pumzi zake za usingizi.

Mahlet anaondoa vyombo. Ameuliza tonge hili la nani.