Kadi ya Chungu cha Nekesa

Nakuru

Kwako mpenzi Nekesa, Mama Faith,

Natumai barua hii itakukuta mzima, na kikohozi cha Emanueli kimekwisha kama ulivyoanza kuniambia kabla hajakunyang'anya simu. Je, mguu wa Mama? Ameanza kuukanyagia vizuri? Mimi sijambo. Baridi ya mwezi huu ni ya kuvaa sweta mbili, na malori ya maziwa kutoka Dundori yanaingia kiwandani kwetu asubuhi vioo vikiwa bado na ukungu. Lakini usinihurumie sana, chumba cha boila, tunakochemshia maji ya mvuke, kina joto lake.

Najua unataka kusikia kama nilipata ile kazi ya kusimamia boila, maana ndiyo inayokuja na nyumba, na ulisema wazi hutahamia chumba cha kugawanya na jirani kwa pazia. Jibu linakuja. Ila wajua mimi hufuata mpangilio, hata shajara yangu siandiki jioni kabla ya asubuhi, basi vumilia.

Uliniuliza pia hizi kadi ninazotaja kila tukiongea ni kitu gani. Tuanzie hapo, kwa sababu ndizo zilizonifikisha mbele ya wakubwa.

Kitabu cha boila kiko kimoja tu katika maktaba ya mjini, na hakitoki, unakisomea humo humo. Jumamosi ya kwanza nilikwenda na daftari nikafanya kile tulichozoeshwa sote shuleni: kukopi. Kichwa kwa kalamu nyekundu, mstari kwa rula, kisha neno kwa neno mpaka vidole vikafa ganzi. Anayesimamia maktaba ni mama mmoja mwenye miwani ya kamba, Madam Wanjiru. Alipita nyuma yangu, akarudi, akasimama.

“Boss, unasoma kitabu ama unakizaa upya?”

“Naandika noti, madam.”

“Haya. Funga kitabu. Na daftari pia funga. Niambie umesoma nini.”

Nekesa, nilimtajia kile kichwa cha kalamu nyekundu tu. Kurasa nzima nilikuwa nimeziandika kwa mkono wangu mwenyewe, na kichwani hamna kitu.

“Basi hizo si noti,” akasema. “Hiyo ni fotokopi ya mkono.”

Watu wa meza ya pili wakacheka. Niliona haya, lakini sikuondoka. Nikamuuliza, “Na nikikosea maneno ya mwenye kitabu?”

“Maneno ni yake, muachie. Wewe chukua maana.”

Akanionyesha anavyofanya yeye. Nikanunua karatasi ya manila, ile watoto huchorea ramani, nikaikata vipande vya ukubwa wa kiganja. Kadi moja, jambo moja tu. Juu naandika linahusu nini, na pembeni jina la kitabu kwa ufupi pamoja na ukurasa. Halafu nafunga kitabu na kuandika kwa maneno ambayo ningemwambia mtu tukinywa chai. Nyuma ya kadi naandika swali. Zote ziko kwenye boksi la viatu, zimetengwa: maji, moto, mvuke, usalama. Mwanzoni kadi moja ilinichukua muda mrefu kuliko ukurasa mzima wa kukopi. Kumbe kukopi ni rahisi kwa sababu hufikirii.

Kazini nilikuwa natia chache mfukoni. Kiprono, ambaye tuko naye zamu moja, akaniita Profesa tangu siku ya kwanza. “Profesa, toa moja tuone,” husema tukingoja chai, kisha ananiuliza swali la nyuma huku ameficha jibu kwa kidole gumba. Siku moja alinishika. Kadi yangu ilitaja presha moja, na saa ya presha ya boila yetu ilisoma namba tofauti kabisa.

“Kadi imelewa hii!” akapiga kelele, akacheka mpaka chai ikamwagika.

Jumamosi nilikwenda moja kwa moja kwenye ule ukurasa, nikaona kitabu kinatumia vipimo vya zamani. Nikaongeza mstari mmoja kwenye kadi. Kama nisingeandika ukurasa ningekuwa bado napekua.

Sasa kuhusu siku yenyewe ya usaili. Tuliitwa mmoja mmoja. Ndani kulikuwa na meneja na mhandisi, mzee mwenye sauti ya chini. Maswali ya kwanza yalikwenda sawa. Lile la kusafisha maji ya boila kwa dawa sikulijua, sikuwa nimefika sura hiyo, nikasema sijui. Mhandisi akaandika kitu. Hapo nikaanza kuona lile pazia la jirani.

Kisha akasema, “Uko zamu peke yako. Unaangalia kioo cha kupimia maji, maji hayaonekani kabisa, na moto unawaka. Unafanya nini?”

Maneno ya kitabu, yale marefu ya Kiingereza, yalitoroka yote. Lakini kadi niliiona kama iko mbele yangu, kwa sababu juu yake niliandika CHUNGU CHA NEKESA.

“Nazima moto kwanza,” nikasema. “Siongezi maji hata kidogo.”

“Maji yameisha, na wewe huongezi maji? Kwa nini?”

“Kwa sababu mke wangu alipasua chungu.”

Meneja akaweka kalamu chini. Mhandisi akasema, “Eleza vizuri.”

Nisamehe, nilieleza yote. Kwamba ulikwenda kuongea na jirani uani, maharagwe yakakauka motoni, ukarudi mbio ukayamwagia maji baridi, na chungu kikapasuka pa! maharagwe yote majivuni. Nikasema boila ni chungu cha chuma, ila yenyewe ikipasuka haimwagi maharagwe.

“Na siku hiyo mlikula nini?” mhandisi akauliza.

“Ugali na mboga za huyo jirani, mhandisi. Ndiye aliyemchelewesha.”

Walicheka wote wawili. Wiki iliyofuata msimamizi wa zamu yetu aliniita nje ya chumba cha boila, akanipa mkono, kisha akanipa ufunguo.

Nimepata, Mama Faith. Ile sura ya dawa za maji nimeagizwa niimalize, na nimeshaianzia kadi zake.

Nyumba ina vyumba viwili na jiko lenye dohani. Bomba liko mlangoni, na nyuma kuna kipande cha shamba ambacho aliyekaa humo kabla yetu alikiacha na mboga za sukuma wiki. Chumba cha pili ni cha watoto, na Mama akija kuonyesha daktari mguu atalala humo. Mwambie hivyo kabla hajasema tunamwacha. Shule ya msingi iko karibu, Faith atakwenda kwa miguu. Muhula ukiisha, mje.

Nimefagia, nikaosha madirisha, nikafunga mlango. Bado nalala kwenye chumba cha kupanga kule Kaptembwa. Kiprono anasema nimerukwa na akili, nyumba ya bure na mimi nakaa nayo mfukoni. Lakini nikihamia peke yangu nitaizoea bila nyinyi, na hilo sitaki.

Nisalimie Mama, mwambie nakunywa uji. Msalimie kaka yako anayetuchungia ng'ombe, na mwalimu wa Faith, na yule jirani wetu wa mboga, umwambie ametajwa mbele ya wakubwa Nakuru kwa uzuri. Wabusu watoto.

Kitanda nimekisimamisha ukutani. Kinaweza kuelekea dirishani au mlangoni. Niandikie unakitaka wapi.

Ni mimi mume wako,
Wafula