Udongo wa Mwezi Haukupepetwa

Jumapili, 18 Juni 2006. Kitale. Manyunyu tangu alfajiri, baridi ya kuuma vidole, na mimi nina hasira tangu juzi Ijumaa. Hata kanisani sikuimba.

Mimi ni kibarua katika shamba la mahindi la Mama Njeri, nje kidogo ya mji. Huu ni mwaka wangu wa tatu mbali na kwetu Taveta. Shule niliiachia darasa la saba, lakini jembe nalijua.

Mwezi wa pili, kabla ya kununua mbolea, Mama Njeri alitaka udongo wa shamba upimwe na bwana shamba mmoja wa Bungoma. Maagizo yalikuwa rahisi: zunguka shamba lote, chimba hapa kidogo na pale kidogo, changanya, tia mfukoni. Nyapara wetu Wafula, ambaye kwao ni Kanduyi, huko huko Bungoma, aliutazama udongo wa bondeni, mwekundu, mgumu, akakunja uso.

"Huu ndio nipeleke kwetu? Watatucheka, bana. Chimba pale kwa zizi la zamani."

Pale sukumawiki huota bila kuombwa. Nikachimba. Na nikiri hapa, sikuishia kuchimba. Nilitoa mizizi, nikaokota vijiwe, nikaupepeta kwa ungo, nikauanika juu ya gunia mpaka ukawa laini kama unga wa wimbi. Nimelelewa hivyo: kinachokwenda kwa watu hutengenezwa kwanza. Wafula aliupakata mpaka Bungoma kama mtoto anayepelekwa kubatizwa.

Karatasi ikarudi ikisema udongo wetu ni mzuri, chokaa haihitajiki, mbolea kidogo itatosha. Mama Njeri akaifuata neno kwa neno.

Sasa mahindi ya bondeni yananifika magotini, manjano tupu. Ya wenzetu wa upande wa Moi's Bridge yanamficha mtu mzima.

Ijumaa Mama Njeri alisimama katikati ya shamba, ile karatasi mkononi.

"Nani alichimba udongo huu?"

"Ni huyu mtu wa pwani, mama," Wafula akajibu kabla sijameza mate. "Mimi nilimwambia azunguke shamba yote."

"Ati kwao wanapima nazi!" akasema mwingine, na vibarua wote wakaangua kicheko.

Taveta ni pwani kwa ramani tu, hakuna nazi. Bahari yenyewe sijawahi kuiona!

Mama Njeri hakucheka. Alisema Jumatatu asubuhi mwenye kosa atafunga virago. Na mimi, mtu mzima mwenye mdomo, nilisimama pale nikiangalia gambuti zangu.

Leo nimekuja hapa saiba, penye kompyuta za kukodi nyuma ya msikiti, nijue wataalamu huuchukua udongo vipi. Nikaandika Kiingereza changu cha kuokoteza: udongo, picha, karibu. Ikaja picha ya kitu cha kijivu, chenye chenga na vumbi. Zainabu, mwenye saiba, akainama begani kwangu.

"Kaka, unatafuta simiti?"

"Hapana, ni udongo wa mwezi. Imeandikwa hapa chini."

"Huu wetu wa Ramadhani?"

"Huo huo. Watu waliufikia, wakaupiga picha kwa karibu."

"Na hawakuupangusa hata kidogo? Wamefika mpaka kule, wakapiga picha uchafu?"

Akacheka akaenda zake. Mimi sikuweza kucheka.

Nimesoma polepole, na hivi ndivyo nilivyoelewa. Walibeba kamera ya pekee kwa kazi hiyo tu, yenye mpini mrefu kama bakora. Mtu anaisimamisha juu ya ardhi, anabonyeza, anaiinua. Picha moja haizidi kiganja changu. Hawakutoa kijiwe. Hawakusawazisha. Donge lililovunjika limeachwa limevunjika, na kwenye jiwe kuna vishimo vidogo kama ndui, vyote vimeonyeshwa. Walitaka kuuona jinsi ulivyolala.

Watu wamevuka mbingu kutafuta uchafu wa kweli. Sisi tulishindwa kutembea mpaka bondeni!

Nimemtukana Wafula moyoni siku mbili. Mwongo. Mwoga. Anamuuza mtu wa mbali kwa sababu hana ndugu hapa wa kumtetea. Na hilo sifuti, ni kweli. Lakini nikitazama hizi chenga za kijivu, hasira inanigeukia. Wafula alinionyesha mahali. Ungo ulikuwa mkononi mwa nani?

Mwangu.

Na nilijivuna. Hilo ndilo linaloniuma kuliko nazi zao.

Zainabu anafunga saiba, ananionyesha saa ukutani. Basi niamue. Kesho kabla hatujaitwa majina nitashuka bondeni, nichimbe penye mahindi ya manjano kuliko yote. Nitautia katika mfuko wa plastiki vilevile, na mizizi yake, na mawe yake, na funza akiwemo. Nitauweka miguuni pa Mama Njeri mbele ya wote na kusema: shamba lako ni hili. Ule mwingine ulitoka zizini, Wafula alinionyesha pale, na mimi niliupepeta.

Akinifukuza, nitakwenda Taveta. Ila mfuko huo hautoki shambani bila yeye kuingiza mkono ndani.