Muke Mumoja wa Mutuelle

Jumatatu, 3 mwezi wa tatu
Nimechagua maharagi asubuhi yote. Macho imechoka, mabovu mengi imeponyoka. Watu wa mutuelle, chama ya kulipiana matunzo, wamefika hapa kwetu Nyabiondo. Serikali inasema matunzo iko ya wote. Hawa njo wanalipia operesheni na dawa ambazo serikali inasahau. Karte moja: baba, watoto, muke mumoja. Mimi niko na wawili. Nikauliza kama inafaa kila mumoja aingie nusu. Hawakucheka. Mama Bahati, bibi mukubwa, akasema niandikishe Furaha, bibi mudogo, sababu anakohoa. Eti yeye mwenyewe hagonjwi. Nikaandikisha Furaha. Wakamupiga picha.

Alhamisi, 13
Tumbo ya Mama Bahati imefunga tangu jana. Anatapika. Iko uvimbe kinenani, alikuwa anaukaza na kitenge, anatuficha. Mimi mwenye kujua mambo ya majirani wote, hii sikujua.

Ijumaa, 14
Tumemubeba na tipoyi, kitanda ya miti, mpaka hospitali. Muganga anasema apasuliwe leo. Muntu wa kesi, mwenye kupokea feza, anasema: wenye kuzaa, bure. Wakimbizi wa kambi, bure. Wenye karte, mutuelle inalipa. Huyu, hapana. Nikamuuliza kama tungojee kwanza Mama Bahati azae. Huyu naye hakucheka. Mbuzi zetu zote zilikwenda na vita, hakuna ya kuuzisha.

Furaha akavua karte yake shingoni, akamuwekea mukubwa mukononi. Akasema kitambaa kichwani, uso umekunjwa na maumivu, nani atachungulia picha? Mama Bahati akairudisha.

"Nikifia mule ndani, mutazika nani?"

Kwetu mufu anaitwa jina yake mbele ya kufunikwa na udongo, na karte iko na jina ya Furaha. Furaha akapiga magoti. Nikamutania Mama Bahati, nikamugombeza. Akageukia ukuta.

Jumamosi, 15
Amekufa asubuhi. Sisikii kitu. Nilikunywa chai, nikaomba sukari ingine.

Jumapili, 16
Tumemuzika. Niliita jina yake mimi mwenyewe, kwa nguvu. Jina yake, si ya mwingine. Watu walilia. Mimi niliangalia viatu vya katekista, kimoja hakina kamba.

Jumanne, 25
Muntu wa mutuelle amepita. Furaha akamupa kiti. Akatupa pole. Kisha akasema, na roho muzuri kabisa, kwamba sasa familia yetu iko sawa na karte, hakuna tena mwenye kubaki inje. Nikamwambia aksanti. Mvua ikanyesha. Tukaiangalia sisi watatu mpaka ikaisha, mugeni akaenda.